Swali Kuhusu Namba Mbili

Shule niliishia la tatu. Ufundi wa redio nilijifunza kwa kuzifungua na kuzirudisha, na kwa pasi ya kuchomea nyaya kwa risasi nikajenga hapa Kilema na kununua matangi mawili ya kupozea maziwa. Hakuna aliyenifundisha. Nalisema hilo kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kisanduku cha kupima joto la matangi na kuongoza mashine ya baridi alikitengeneza binti yangu, kitinda mimba, alipomaliza chuo. Ndani mna prosesa, ndogo kuliko ukucha, na nyaya zilezile zinapita kwenye vipima joto vya matangi yote mawili.

"Inajuaje inaongea na nani, na waya ni uleule?" nikamuuliza.

"Inaita namba, baba. Wote wanasikia. Mwenye namba yake anajibu, mwingine ananyamaza."

"Kama zamu ya maji ya mfereji."

"Hivyo hivyo. Ila wawili wakiwa na namba moja watajibu pamoja, na itakachosikia ni uongo."

Akanionyesha nyuma ya kipimo cha pili vidoa viwili vya shaba, vimeunganishwa kwa tone la risasi. Bila tone hilo, kila kipimo ni namba moja. "Ukinunua kipya, usisahau hapa."

"Unamfundisha nani kuchomea?" Tukacheka.

Akaenda kufanya kazi Mwanza. Kipimo cha tangi la pili kikafa. Nikanunua kingine Moshi mjini, nikakifunga, nyuma sikutazama. Kwenye kioo cha kisanduku, namba mbili ikaandika vistari viwili tu; nikasema itazoea. Namba moja ikaonyesha baridi kali, mashine ikajizima. Asubuhi maziwa yamechacha. Tukayamwaga kwenye migomba, kina mama walioyaleta wakitazama.

Nikampigia binti simu mbele yao. Nikamwambia takataka yake ya chuo imeniaibisha. Akaniacha nimalize, kisha akauliza taratibu, "Baba, uliunganisha vile vidoa?"

Nikakata simu. Nilikuwa nimeshakumbuka. Akapiga tena na tena. Nikailaza simu kifudifudi mezani.

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la sale, naye hawezi kukunyima msamaha. Lakini baba ampelekee mtoto? Mke wangu alilikata, akaliweka juu ya kabati.

"Nenda," akasema.

"Krismasi atakuja mwenyewe."

Likakauka palepale. Binti alirudi kabla ya Krismasi, kwenye jeneza. Malaria, siku nne tu.

Tulimzika kihambani, kati ya migomba yetu. Nikakata sale mbichi, nikaiweka juu ya udongo, nikamwambia, "Sikuviunganisha, mama." Padri alidhani nasali, akanisubiri.

Kile kipimo nilikitoa. Kisanduku bado kinaita namba mbili, kinangoja kidogo, kinaandika vistari, kinaendelea na kazi.

"Si ukitengeneze," mke wangu ananiambia kila akipita pale.

Ni tone moja la risasi. Pasi naiwasha, inapata moto, naizima.