Mchawi Asiyekula Chumvi

Kama kuna mtu aliyekaa mbali na uchawi Nairobi nzima, basi ni Munyiva, mjane wa Mountain View, mwalimu wa Sunday School na mpishi wa muthokoi pale Dagoretti Corner. Muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe mpaka yakalainika, uliwatoa mafundi chini ya magari na makarani nyuma ya meza. Hakuwa na adui wala siri. Alichokuwa nacho ni kicheko.

Na kicheko chenyewe, jamani! Kilianzia chini kabisa, tumboni, kikapanda polepole bila haraka ya mtu yeyote, na kikifika juu kilikatika ghafla, mtu akabaki anajiuliza kimekwenda wapi. Marehemu mumewe alikipenda. Watu wengine wote walihitaji muda wa kukizoea.

Siku moja fundi mmoja mnene alikalia kiti kibovu kibandani kwake, kiti kikafungua miguu, fundi akaketi sakafuni na sahani yake mkononi bila kumwaga hata punje. Munyiva akacheka. Kwenye meza ya pembeni, msichana aliyevaa miwani mikubwa akaangusha kijiko. Huyo alikuwa Ivyne, mtengenezaji wa tamthilia ya televisheni, mtu wa Kilimani, aliyekuwa ameshuka kutafuta chakula cha mama.

"Mama, hiyo kicheko ni yako?" akauliza.

"Ni yangu tangu nizaliwe."

"Na wewe ni wa wapi?"

"Kitui."

Ivyne akapiga makofi. "Mkamba wa Kitui! Ai, Mungu ametenda."

Munyiva alijua neno hilo linaelekea wapi. Mkamba Nairobi hii akipiga chafya, watu huuliza amemroga nani. Mke akimwambia mume awahi kurudi, majirani husema ameleta dawa kutoka kwao. Alikuwa ameyasikia hayo tangu aje mjini, na yalikuwa yamemchosha. Kwa hiyo Ivyne alipomwambia kwamba anatafuta mtu wa kuigiza mchawi, Munyiva alimwambia ale, ainuke, aende zake. Ivyne alirudi kesho yake. Akarudi tena. Mwishowe Munyiva akakubali. Ukimuuliza atakwambia alimhurumia mtoto wa watu, lakini tusidanganyane: mama alitaka kuonekana kwenye televisheni.

Mchungaji alimwita amuulize. Munyiva akamjibu kwa upole, "Pastor, yule ndugu anayeigizaga Yuda siku ya Pasaka, si nyinyi wenyewe humpa soda?" Mchungaji akamwombea, akamwacha.

Pango la mchawi lilijengwa kwa mbao na karatasi za mifuko ya simenti, kwenye maegesho ya chini ya jengo moja la ghorofa Kilimani. Huko Munyiva alivalishwa wigi lililotimka, akapakwa masizi, akawa Syokau, mchawi wa kutisha. Vijana wa kamera walimzunguka wakitaka siri. "Mama, huko kwenu huwa mnatumia nini?" Naye akawajibu, "Panadol."

Sasa shika hapa, maana ndipo balaa lilipoanzia. Siku ya kuigiza karamu, walimwekea supu. Akaonja, akaitema. Ilikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki, naye Munyiva ana presha, na nesi wa kliniki alikuwa amemwonya vikali kuhusu chumvi. Akasukuma bakuli, akasema kwa sauti ile ile ya Syokau, "Mimi na chumvi tuliachana!" Kamera ilikuwa bado inazunguka. Ivyne akafurahi mno. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya tamthilia: Syokau haogopi moto, haogopi maombi wala panga. Anaogopa chumvi. Akiilamba, nguvu zinamtoka.

Watu waliipokea sheria hiyo kama iliyotoka mlimani na Musa. Majirani wa Munyiva walianza kunyunyiza chumvi vizingitini, wakimsalimu kwa tabasamu. Pale kibandani wateja walijaa kuliko mwanzo, ila kila mmoja alijivutia kikebe cha chumvi karibu na sahani yake. Kuna bwana alikuja kumnong'oneza kwamba anataka dawa ya kumrudisha mkewe. Munyiva akafumba macho, akatikisa kichwa, akatoa ile sauti: "Oga. Nyoa ndevu. Kisha mwombe msamaha mbele ya mama yake." Mke akarudi, na bwana yule akatangaza habari hizo Ngong Road nzima. Munyiva alicheka wiki nzima.

Hakucheka Ndanu, binti yake wa pekee, alipokuja jioni moja akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Mwaitu," alisema, maana ndivyo Wakamba wamwitavyo mama. "Akina Bramwel wamekubali kuleta ntheo."

Munyiva akapiga kigelegele. Kwa Wakamba ntheo ndiyo ndoa yenyewe. Upande wa kijana huleta mbuzi, mmoja huchinjwa, na jamaa zote mbili humla pamoja siku hiyo hiyo. Uvae shela, upigwe picha, ukate keki ya ghorofa, lakini kama ntheo haijaliwa, wazee watakuhesabu bado uko kwenu.

"Ngoja kwanza," Ndanu akasema. "Mama yake Bramwel hakosi hiyo programu yenu. Hata kanisani akichelewa, hapo hachelewi. Na hajui Syokau ni wewe. Bramwel ameogopa kumwambia. Anasema mama yake akijua, hatakula kitu kwa hii nyumba."

"Basi tumwambie ukweli."

"Tutamwambia wakishakula! Bila hiyo wigi hawezi kukujua. Nakuomba kitu moja tu, Mwaitu. Hiyo siku usicheke."

Munyiva alitaka kucheka hapo hapo, ila aliona macho ya mtoto yamelowa. Ndanu alimpenda kijana yule wa Kiluhya kwa dhati. Munyiva akaahidi, na moyoni aliumia kidogo, kwa sababu si jambo jepesi kuambiwa furaha yako ifungwe kamba siku ya furaha ya mwanao.

Siku ikafika, Jumamosi ya jua zuri. Wageni walitoka Kangemi, ng'ambo tu ya Waiyaki Way, wakiwa na mbuzi wao. Mama yake Bramwel, Peres, alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Pembeni yake alikuwa wifi yake Everlyn, mwembamba, mwenye mkoba mkubwa na macho yasiyotulia. Upande wa wenyeji, mzee Mulwa, shemeji ya Munyiva, ndiye aliyekuwa msemaji. Mbuzi mmoja akachinjwa nyuma ya nyumba, wale wengine wakafungwa karibu na mlango.

Munyiva alivaa kitenge cha heshima na kilemba. Alisalimia kwa sauti ndogo. Alitabasamu mdomo ukiwa umefungwa.

"Mama Ndanu, wewe nimekuona mahali," Peres akasema.

"Pengine sokoni, Mama Bramwel."

"Hapana. Si sokoni."

Nyama choma ikaletwa, ikakatwa juu ya ubao, na kibakuli cha buluu chenye chumvi kikapitishwa mkono kwa mkono. Munyiva, kama mwenyeji yeyote mwenye akili, aliangalia kila mgeni anachukua nini na anaacha nini. Mzee Mulwa akawazuia kwanza, kwa kuwa alikuwa bado hajamaliza hotuba. Alisimulia ukoo, akasimulia ukame, akasimulia ukoo tena. Mwisho akanyanyua fimbo yake, akauliza kwa sauti kubwa, "Kama kuna yeyote ana pingamizi juu ya ndoa hii, aseme sasa!"

Na pale mlangoni, mbuzi mmoja akaingiza kichwa, akamtazama mzee usoni, akasema, "Meee!"

Watu walijikaza. Munyiva naye alijikaza, Mungu ni shahidi. Aliuma kilemba. Alibana pumzi. Alifikiria misiba yote aliyowahi kuhudhuria. Lakini kicheko kilikuwa kimeshaanza safari kule chini, kikapanda, kikapanda, kikatoka chote, kikajaa sebuleni na kukatika ghafla kama kawaida yake.

Kipande cha nyama kilimponyoka Everlyn. "Syokau," akanong'ona. "Mungu wangu, ni Syokau!"

Mikono yote ya wageni ikatoka kwenye sahani. Ndanu akajifunika uso. Munyiva akasimama, akasema wazi, "Ndiyo. Ni mimi huigiza. Ni kazi tu. Mimi ni mama wa Sunday School, ulizeni mtu yeyote hapa." Alisikia aibu, lakini hasira pia ilikuwa inampanda.

"Mchawi gani atakwambia yeye ni mchawi?" Everlyn akadakia. "Na ni Mkamba! Peres, twende."

"Nyama isipoliwa hakuna ntheo," mzee Mulwa akasema kwa huzuni. "Itabidi mrudi na mbuzi wenu."

Bramwel alianza kusema kitu, mama yake akamnyamazisha kwa kidole. Peres hakukimbia. Aliinuka, akachukua kile kibakuli cha buluu, akakiweka mbele ya Munyiva.

"Lamba," alisema. "Ukilamba, tunakula. Usipolamba, tumejua."

"Mwaitu, usilambe!" Ndanu akapiga kelele. "Presha yako! Nesi alisema nini?"

"Presha!" Everlyn akacheka kwa dharau. "Kila mchawi huwa na presha ikiletwa chumvi."

Munyiva akakitazama kibakuli. Sheria hiyo aliileta yeye mwenyewe kwa kutema supu, na sasa ilikuwa imekaa mezani kwake inamtolea macho. Akamtazama binti yake analia. Angelamba. Hakuwa na shaka hata kidogo. Kwa ajili ya Ndanu angelamba mpaka kibakuli king'ae, kisha yule nesi amgombeze akiwa amelazwa. Akapeleka mkono.

Ndipo macho yake yakaangukia sahani ya Peres. Nyama ilikuwa safi, haina hata chembe nyeupe. Akakumbuka: kibakuli kilipopita, kila mgeni alichota. Everlyn alichota mara mbili. Peres alikisukuma mbele haraka, kama mtu anayepitisha kikapu cha sadaka mfuko ukiwa mtupu.

Munyiva akaurudisha mkono. Mdomo ukaanza kumcheza upande mmoja.

"Nitalamba, Mama Bramwel," akasema kwa adabu zote. "Lakini kwetu, mwenyeji hamtangulii mgeni. Lamba wewe kwanza, nami nifuate."

Peres akanyoosha mkono, akausimamisha hewani. "Mimi?"

"Kidogo tu. Ncha ya kidole."

"Mimi hapana." Peres alianza kutokwa jasho. "Mimi daktari alinikataza."

"Alikukataza kwa nini, mama?"

Peres akatazama chini. "Nina presha."

Sebule nzima ikageuka kumtazama Peres. Everlyn, ambaye muda wote alikuwa ameshika mkono wa wifi yake, aliuachia taratibu na kusogeza kiti.

"Unasogea uende wapi, Everlyn?" Peres akafoka. "Umeniona nikitibiwa! Dawa si hizi hapa?" Akafungua mkoba wake, akatoa pakiti ya vidonge. Munyiva akaingia chumbani, akarudi na yake, akaiweka kando ya ile. Zilikuwa za rangi moja, jina moja, hata ule muhuri wa kliniki ya hapo barabarani ulikuwa mmoja.

Peres alizitazama pakiti zile kwa muda. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kinene, cha kwaya, hata mbuzi akarudi nyuma. Munyiva hakungoja ruhusa ya mtu. Vicheko viwili vikapanda pamoja, na Ndanu, machozi bado mashavuni, akaanza kucheka nao.

"Leteni sahani moja," Peres akasema. "Isiwe na chumvi. Mimi na huyu tutakula pamoja, na anayeogopa aende akae na mbuzi."

Wakala. Wakamaliza. Mzee Mulwa akatamka kwamba ntheo imeliwa, na safari hii hakuuliza kama kuna pingamizi.

Jua likielekea kuzama, Peres alimshika Munyiva mkono pale getini. "Mama Ndanu, nilikukosea. Nilikuwa nataka kumvunjia mtoto wako ndoa kwa sababu ya televisheni. Nisamehe." Munyiva akamwambia yamekwisha. "Wahenga walisema mchawi mpe mtoto amlee," Peres akaendelea. "Basi nimekupa Bramwel. Atakuwa salama kuliko benki."

Munyiva alicheka, lakini macho yake yalilowa. Tangu aje mjini, utani wa uchawi alikuwa akitupiwa. Hii ilikuwa mara ya kwanza utani huo kumletea mtoto.

Wageni walipoondoka, Ndanu alikusanya vyombo akaviosha. Akahesabu bakuli, akarudi kuangalia chini ya meza, akaangalia hata kwa mbuzi.

"Mwaitu, ile bakuli ya buluu ya chumvi haiko. Ni Everlyn! Nilimwona akifungafunga mkoba. Nimpigie simu?"

Munyiva alikuwa amevua kilemba, ameketi na miguu juu ya kigoda. "Mwache alale nayo," alisema. "Akiwa na chumvi yetu nyumbani atakuja harusini bila wasiwasi. Yule sasa ni mtu wetu."

Kisha akacheka, kuanzia chini kabisa, na binti yake akamwacha acheke mpaka mwisho.