Mong'ina Ajifunza Kumdanganya Baba Mkwe

Mong'ina alikuwa amechoka hata kabla karata hazijaingia katika maisha yake. Majani ya chai hayajui sikukuu wala matanga. Yakikomaa yanataka kuchumwa, na mumewe Mose yuko Nairobi, kazi yake kupiga simu kuuliza kama mvua imenyesha. Mimi ni Nyamusi, jirani yake hapa Ekerenyo, na tunachuma pamoja. Nimemwona akisinzia kwenye foleni ya mizani, amesimama, kikapu mgongoni. Wala hakuwahi kulalamika. Hilo lilinikera sana, kwa sababu ilinibidi nilalamike kwa niaba yetu sote wawili.

Juu ya hayo yote, mzee Nyakundi, baba mkwe wake, akaacha kula.

Miaka nenda miaka rudi mzee alikula chakula cha jioni akicheza karata na ndugu yake Onsongo. Mchezo wenyewe walirudi nao kutoka Kericho, walikokuwa vibarua wa chai ujanani, wakauongezea sheria zao. Onsongo alipofariki, mzee alizifunga karata kwa mpira, akaisukuma sahani kando. Sasa dawa zake za presha hazimezwi kwa tumbo tupu, na muuguzi alimwambia Mong'ina waziwazi kwamba mzee akiendelea hivyo hatayaona mavuno ya mahindi.

Mong'ina akauliza, akiwa amesimama mlangoni, "Tata, huo mchezo wenu unachezwaje?"

Tata kwetu ni baba. Na mlangoni, ndiyo. Sisi Abagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mke wa mwana hampi mkono baba mkwe, haketi karibu naye, hamtanii, hamkazii macho. Ndiyo maana mimi niliitwa: haikufaa wakae wawili peke yao. Nikaketi kwenye kochi, Msabato mzima mimi, nikitazama karata zikigawanywa, nikamwomba Mungu aangalie kwingine kidogo.

Mzee alifundisha bila maneno mengi. Kila mtu karata tatu. Tatu za kufanana hushinda mbili za kufanana; mkikosa zote, mwenye karata kubwa ndiye hula. Dau ni maharagwe. Ukiongeza maharagwe, mwenzako ataweka kama yako mwonyeshane, au atatupa karata zake uzoe yote.

"Na saba ni mgeni," alisema mzee. "Anakaa na yeyote, anageuka yeyote."

Hiyo ya saba waliitunga wenyewe, pamoja na nyingine: asiyelipa haonyeshwi. Hata akuulize kwa machozi, humjibu.

Sheria Mong'ina alizishika upesi. Shida ilikuwa kwamba katika mchezo huu mwongo ndiye hula. Unashika takataka mkononi, unamwaga maharagwe kama tajiri, mwenzako anaogopa. Mong'ina hakuweza. Angemtazamaje baba mkwe usoni amdanganye? Akipata karata mbaya alizitupa. Akipata nzuri alisogeza punje moja ya haragwe kwa adabu, kama anayetoa sadaka ya watoto. Siku za kwanza mzee alishinda, akala kidogo. Kisha akachoka kushinda.

"Mkamwana, wewe unanionea huruma," alisema jioni moja, akaziweka karata chini. "Onsongo hakunionea huruma hata siku moja. Alikuwa mwongo kabisa, Mungu amrehemu."

Ugali wa wimbi ukarudi jikoni kama ulivyokuja. Nikaufuata kwa hasira.

"Mdanganye!" nikamwambia.

"Nyamusi, yule ni baba mkwe wangu."

"Na akifa, hiyo chinsoni utampelekea nani? Kaburi?"

Aliinama juu ya karai akiosha matope miguuni.

"Nimechoka," alisema. Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, na lilinikata maini.

Siku iliyofuata mvua ya mawe ilitukuta shambani. Tulirudi tumelowa chapachapa, na bado akasonga ugali, akachemsha mboga za chinsaga, akamwekea mzee mezani. Kisha akaketi kwenye stuli yake karibu na mlango. Karata zikagawanywa, zikasukumwa kwake juu ya sinia. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaziona: mbili, tano, tisa. Si jozi, si mgeni.

Mong'ina akayasukuma maharagwe yake yote katikati. Akainua kichwa, akamtazama baba mkwe wake machoni. Sijui kama ulikuwa ujasiri au uchovu tu. Mimi niliangalia chini kwa aibu.

"Una saba," mzee alisema.

"Lipa, tata, uone."

Mzee alipapasa maharagwe yake, akafikiri, akazitupa karata zake. Zilikuwa na wafalme wawili.

"Ulikuwa na nini?"

Baba mkwe akiuliza, mke wa mwana hujibu. Ndivyo tulivyolelewa. Mong'ina akazifunika karata zake kwa kiganja.

"Hukulipa, tata."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, kicheko kile kile tulichokuwa tukikisikia ng'ambo ya ua Onsongo akiwa hai. "Mwongo!" alisema. "Mwongo kabisa!" Akavuta sahani, akamega tonge kubwa, akaanza kugawa tena kabla hajameza.

Lakini Mong'ina hakuziokota karata zake. Alikuwa amelala pale pale kwenye stuli, kichwa ukutani, mdomo wazi, mbele ya baba mkwe wake. Nikainuka haraka nimwamshe kabla aibu haijakomaa. Mzee akanionyesha kwa mkono nikae.

"Mwache," akanong'ona. "Ni zamu yake, lakini nitangoja."

Kisha akageuza kiti chake kikaelekea ukuta wa pili, asimwone mkamwana wake akiwa usingizini, akala hivyo hivyo akitazama ukuta mpaka sahani ikaisha.