Nilikwenda Kubomoa Mnara wa Marehemu, Nikapigiwa Honi

Jamaa alizikwa mwezi wa tatu. Mwezi wa tano akanisalimia kwenye redio.

Najua unachowaza. Huyu mzee kalewa, au upweke umemzidi. Pombe niliacha zamani. Upweke sibishi.

Naitwa Garth Lienert. Nakaa nje kidogo ya Wudinna, Australia Kusini, mimi na mbwa wangu Bolti. Kazi yangu ni minara. Siyo ile ya makampuni ya simu, hapana. Nahudumia wapenzi wa redio wenzangu, watu wanaosimamisha chuma kirefu nyuma ya nyumba ili waongee na mtu wa mbali ambaye pengine hawatamuona maisha yao yote. Nawajengea, napaka rangi, nakaza nyaya, natoa viota vya kasuku. Mtu akifa, nauteremsha mnara wake.

Hiyo ya mwisho ndiyo imekuwa kazi nyingi siku hizi. Tunazeeka.

Kuna sheria moja niliyofundishwa kabla hata sijaruhusiwa kushika spana: usilegeze waya mpaka ujue unashikilia nini. Mnara mwembamba ukiuona kwa mbali utadhani umesimama wenyewe. Wapi! Nyaya zinavutana huku na huku, ndiyo maana umesimama. Achia mmoja kiholela uone kama chuma chote hakijakushukia kichwani.

Sasa turudi kwa huyo marehemu.

Aliitwa Vern Noske, mkulima wa ngano karibu na Orroroo, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka kwangu. Kwa miaka kumi na tisa tuliongea kila asubuhi, kabla sijalisha kuku. Siyo kwa mdomo. Tulitumia Morse, ile lugha ya mlio mfupi na mlio mrefu. Unabonyeza kitufe, mwenzako kule anasikia, anasoma herufi moja moja.

Vern alisema maikrofoni haipendi. Simu ndiyo usiseme.

Na kukutana je? Kila nikimwambia nakuja, ananijibu barabara mbaya, usihangaike. Nikazoea. Watu wa redio tuna vituko vyetu.

Lakini nilimjua kuliko ndugu zangu wa damu. Mke wangu Coralie alipofariki, sikutaka kuona sura ya mtu. Vern akawa ananiita kila asubuhi, anauliza, "Umekula nini leo?"

Nikisema sijala, ananiambia, "Nenda kachemshe yai. Nakusubiri."

Na kweli ananisubiri. Narudi na yai langu, namkuta hewani. Nani mwingine duniani angenisubiri nichemshe yai?

Nilimweleza kila kitu. Ugomvi wangu na kaka yangu. Hofu ya kufa peke yangu nigunduliwe na mtu wa posta. Mpaka habari za bawasiri, samahani kwa wanaokula.

Kitu kimoja ukielewe hapa, maana ndicho kilichonitoa jasho. Kwenye Morse kila mtu ana mkono wake, kama mwandiko. Ukimaliza zamu yako unapiga herufi K, maana yake "haya, sema wewe". Ndefu, fupi, ndefu. Wote tunaipiga. Lakini Vern alikuwa anaiburuza ile ndefu ya mwisho, kama mgeni aliyekwisha kuaga na bado kasimama mlangoni. Katika maisha yangu sijasikia mwingine anayeipiga hivyo.

Alizikwa Adelaide, familia tu. Habari nilipata baadaye, wamekwisha kufukia.

Nililia jikoni, Bolti ananitazama.

Basi bwana, Jumanne moja asubuhi nikawasha redio kwa mazoea tu, kikombe mkononi. Masafa yetu yale yale. Kimya. Nilikuwa karibu kuzima.

"Garth, upo?"

Halafu K. Ndefu, fupi, ndefu ya kuburuza.

Chai yote ikaniishia mapajani. Nikarukia kitufe, nikapiga, "Nani wewe?"

Kimya. Nikarudia, "Nani wewe?" Hakuna kitu.

Nikampigia simu Tibor. Huyu ni rafiki yangu wa Whyalla, mstaafu wa kiwanda cha chuma, ndiye hunishikia kamba chini nikiwa juu ya mnara. Asili yake Hungaria, mdomo wake haujawahi kwenda likizo.

"Tibor, Vern kanisalimia."

"Kakwambia huko alikoenda hewa iko safi?"

"Sitanii."

"Ndiyo maana naogopa. Garth, hebu toka humo ndani. Njoo Whyalla ukae na binadamu. Mbwa hatoshi."

"Mkono ulikuwa wake."

"Mkono wake uko chini ya udongo, kaka."

Nikakata simu kwa hasira. Lakini kuanzia siku hiyo nikawa nawasha redio nikiwa naogopa, na nikizima naumia. Sijui kipi kilikuwa kibaya zaidi.

Wiki mbili hivi zikapita. Simu ikalia.

"Naongea na Garth Lienert? Mimi ni Avis Noske, mke wa Vern."

Nikampa pole. Akashukuru haraka haraka, kama mtu aliyeacha maji motoni jikoni.

"Binti yangu kanitafutia chumba Adelaide, kwenye nyumba za wazee. Shamba limeuzwa. Ijumaa nakabidhi, na mwenye shamba mpya hataki mnara. Kuna vijana Port Augusta wanaweza kuushusha, lakini nataka uje wewe."

"Nitakuja, mama."

"Wewe mwenyewe," akarudia.

Nikaondoka usiku, nikamchukua Tibor njiani. Tukafika Alhamisi asubuhi, upepo wa kaskazini unavuma, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Mama Avis alitoka barazani, mfupi, kofia kubwa kichwani. Alinitazama muda mrefu hadi nikaona aibu.

"Kumbe ndiyo wewe," akasema.

Akanipa chai. Haina sukari, kama ninavyokunywa, na hakuniuliza. Kisha akasema, "Bolti umemwacha na nani?"

"Kwa jirani."

Nikajisemea, Vern bwana, kumbe alikuwa ananisimulia kwa mkewe.

Mnara ulikuwa mbali kidogo na nyumba, nyuma ya banda la kunyolea kondoo. Nilianza kwa kuchimba pembeni ya nanga za nyaya, maana kutu hujificha chini ya udongo. Zilikuwa safi, zimepakwa grisi vizuri.

"Vern alikuwa makini sana," nikamwambia.

"Grisi napaka mimi," akajibu, akageuka kurudi ndani.

Nikafunga mkanda wa usalama, nikapanda.

Kule juu unaona kila kitu. Paa la bati. Tangi la maji. Barabara ya vumbi inayokwenda mpaka macho yanachoka, na haina mtu hata mmoja. Nikawaza, hapa ndipo Vern alipokuwa anaishi, na pale Wudinna mimi, na katikati yetu uwanda mtupu. Kitu pekee kilichokuwa kinatufikishia sauti ni chuma hiki nilichokuja kukibomoa.

Tukashusha antena kwa kapi. Tibor chini anavuta kamba na kutukana upepo. Tukafunga kamba za muda kwenye vipande vya chini. Nikaweka spana kwenye nati ya waya wa kwanza wa juu.

Honi ikalia.

Ilitoka kwenye pikapu kuukuu iliyoegeshwa karibu na nyumba. Ndefu. Fupi. Halafu ndefu ya mwisho, ikaburuzwa, ikaburuzwa, mpaka upepo ukaichukua.

Spana ikaning'inia kwenye kamba yake. Sikumbuki kuiachia.

"Chai ya saa nne hiyo!" Tibor akapaza sauti. "Kapiga K, umesikia? Kajifunza kwa mumewe! Shuka, nasikia kuna skonzi!"

Nilikumbatia ule mnara kama mtoto. Honi ikalia tena. Ndefu, fupi, ndefu ile ile.

Nilishuka. Nikatembea mpaka kwenye pikapu. Mama Avis alikuwa amekaa kwenye usukani, kaufungua mlango, mkono bado uko juu ya honi. Kuniona uso tu akajua nimejua.



Akatazama mbele, kwenye kioo cha gari, akauliza taratibu, "Umekula nini leo, Garth?"

Wakuu, nililia. Mzee mzima, mikono imejaa grisi, nimeshikilia mlango wa gari nalia. Sioni aibu kusema.

Tibor akafika mbio. "Kuna nini? Nani kaumia?"

"Hakuna aliyeumia," mama Avis akasema. "Kaeni. Nitaeleza mara moja tu."

Vern alianza kutetemeka mikono kabla hata sijamfahamu. Kitufe cha Morse kikamshinda. Akamfundisha mkewe. Mwanzoni Vern anasema, Avis anapiga. Vern akaona haya, kwa hiyo wageni wakakatazwa. Kisha ugonjwa ukachukua na maneno. Akawa anakaa kwenye kiti pembeni ya redio, anasikiliza milio, anatabasamu.

"Sasa mimi nilikuwa naongea na nani?" nikauliza.

"Mwaka wa kwanza, na Vern. Baada ya hapo, na mimi."

"Yai?"

"Mimi."

Nilikasirika, nisidanganye. Nilimlilia mtu miezi, kumbe anakunywa chai. Halafu likanijia jambo jingine, nikahisi masikio yanawaka.

"Na zile habari za bawasiri?"

"Nilikwambia ukalie maji ya uvuguvugu. Ilisaidia?"

"Ilisaidia."

"Bawasiri gani?" Tibor akadakia.

"Nyamaza, Tibor," tukasema wote wawili.

Kisha nikamuuliza ile Jumanne. Kwa nini alinyamaza?

Akachezea pindo la aproni. "Leseni ilikuwa ya Vern, na jina la hewani la Vern. Sikuwa na ruhusa ya kugusa kile kitufe hata siku moja. Asubuhi ile nilishindwa kuvumilia, nikakuita. Nawe ukaniuliza nani wewe." Akakunja lile pindo. "Sikuwa na jina la kujibu. Nikazima."



"Sasa kwa nini umeniita nije nibomoe?"

"Mnara unashuka hata usipokuja. Huko Adelaide hawaruhusu hata kijiti juu ya paa. Nikasema basi, angalau nimuone mara moja, nimpe skonzi, nimuage kwa macho. Nilipanga nisiseme kitu. Hiyo honi ni mazoea tu, nilikuwa namwita Vern hivyo hivyo akiwa shambani."

Tulikula skonzi na jemu ya kwandong, tunda la porini la huku kwetu. Kisha nikainuka, nikafunga mkanda.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Kuushusha. Ijumaa ni kesho."

Uso wake ulivyonyauka, sitausahau. Lakini nilikwisha kuona la kufanya. Tulishusha kipande kimoja kimoja, taratibu, kila boliti kwenye ndoo, kila waya umeviringwa. Jua linazama, mnara wote uko kwenye tela langu.

"Unakwenda kuuza chuma chakavu?"

"Nakwenda kuusimamisha kwangu, mama. Watu wawili wakitaka kuongea, siyo lazima wote wawe na minara. Mmoja akiwa na masikio makubwa, mwenzake atajitahidi na kamba ya kuanikia nguo."

Akanitazama. "Kamba ya kuanikia nguo?"

"Huko wanaruhusu kuanika, si ndiyo?"

Tibor akasafisha koo. Nilisahau kuwaambia, yeye ndiye anayesimamia mitihani ya leseni kwenye chama chetu. "Mama, kwa miaka yote hiyo umekuwa mwizi wa hewa. Adhabu yako ni kufanya mtihani. Na sitakupendelea hata kidogo."

"Unipendelee ya nini? Nitakushinda," akajibu.

Na mtihani alifaulu. Tibor mpaka leo anadai maswali yalikuwa rahisi.

Nilikwenda Adelaide kufunga waya mwembamba wa antena kwenye kamba ya kuanikia nguo, ukuta wa nyuma. Jirani aliniuliza ni wa nini. Nikamwambia wa soksi. Kisha nikarudi Wudinna, nikamwaga zege, nikasimamisha mnara wa Noske nyuma ya banda la kuku. Nikakaza nyaya, nikasubiri.

Siku ya kwanza, mivumo tu. Ya pili hivyo hivyo. Niliogopa kwamba nimempa mwanamke wa watu tumaini la bure.

Siku ya tatu, kabla sijalisha kuku, nikasikia mlio mdogo, mwembamba, kama mbu aliye chumba cha pili.

"Garth, upo?" Na ile K ya kuburuza.

Nilimjua. Nilimjua kabisa. Lakini niliweka kidole kwenye kitufe nikapiga lile lile nililopiga siku ile.

"Nani wewe?"

Safari hii hakuzima. Alipiga jina lake la hewani, jipya, la leseni yake mwenyewe, herufi kwa herufi. Halafu akaongeza, "Avis."

Nimebomoa minara mingi ya marehemu. Siku hizi, kabla sijapanda, huwa nakaa kwanza na mjane, nakunywa chai, nauliza nani alikuwa anapaka grisi. Usilegeze waya mpaka ujue unashikilia nini. Na mtu aliyekusubiri uchemshe yai, usimwache aondoke kabla hujamuuliza jina lake.

"Umekula nini leo?" akauliza.

Nikamwambia bado.

Nikaenda kuchemsha yai. Nilirudi nikamkuta.