Kwenda Kimbiji Kukwamua Pikapu ya Baba

Safari hii ilianza kwa simu ya Bi Mwanaidi. Mama huyu anaishi Kimbiji, na uani kwake ndiko pikapu ya baba yangu ilikokaa miaka mitatu, tangu baba alipopata kiharusi akiwa kwenye shamba lake jirani na hapo. "Mwalimu," aliniambia kwa upole, "nataka kumjengea binti yangu chumba, na msingi unapita pale gari lilipo. Mafundi wanaanza Jumatatu." Miaka yote ile hakuwahi kulalamika, kwa hiyo nilijua hapa hakuna kuomba siku nyingine.

Nilimtafuta dereva wa gari la kubebea magari mabovu. Akakubali kufika Jumamosi saa tisa alasiri, kwa sharti moja. "Matairi yazunguke, dada. Yakigoma, mie siburuzi gari la mtu. Nageuza."

Kaka yangu alishauri tuwaite watu wa vyuma chakavu walikate hukohuko. Baba, ambaye tangu augue huongea kidogo sana, alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. "Lisikatwe," alisema.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nikatoka Kibamba. Saa mbili nilikuwa Kurasini, nikipenya katikati ya malori ya makontena kumtafuta Fundi Seif, mtaalamu wa breki niliyeelekezwa na mwalimu mwenzangu. Nilimkuta akipakia vifaa kwenye kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, taratibu katika kila kitu, hata kufunga mlango.

"Gari limekaa karibu na bahari?" aliuliza.

"Upepo wa chumvi unalipiga mchana na usiku."

"Na hendibreki ilivutwa?"

Siku baba alipoanguka, mimi ndiye niliyeliingiza lile gari uani. Nilikuwa nalia, na hendibreki niliivuta kwa nguvu zangu zote. Sikuwahi kumwambia mtu.

"Niliivuta mie," nikasema.

"Basi tubebe na nyundo ya pili," akajibu, akarudi ndani kuichukua.

Saa tatu tulivuka daraja la Kigamboni. Lami ilipokwisha, kirikuu kilianza kuruka na vifaa vikawa vinagongana nyuma yetu. Mashamba ya mihogo, nyumba ambazo hazijaezekwa, kisha harufu ya bahari kabla hatujaiona.

Saa nne na nusu tukafika. Bi Mwanaidi alitupokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?"

"Hajambo kiasi. Anakusalimu sana."

Alitupeleka uani. Kuku wake walikuwa wakitagia kwenye bodi ya pikapu, na yeye alikuwa amewahamisha jana yake. Tukaletewa chai ya rangi na vitumbua, lakini mimi macho yalikuwa kwenye magurudumu.

Ya mbele yalizunguka baada ya kusukumwa. Ya nyuma yaligoma yote mawili. Seif aliweka mawe kuyazuia ya mbele, akalegeza hendibreki, akainua nyuma kwa jeki na kuegemeza gari juu ya magogo. Alipotoa tairi la kushoto, ikaonekana ngoma ya breki, bakuli zito la chuma linalozifunika brekishuu, vyuma vinavyolibana kwa ndani ili gari lisimame. Lilikuwa jekundu kwa kutu. Akanyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, kisha akakaa chini kunywa chai yake.

Saa sita ilipopita, uvumilivu uliniishia. Nilichukua nyundo kubwa nikaipiga ngoma ukingoni. Kipande cha ukubwa wa ukucha kikaruka.

Seif aliweka kikombe chini. "Mwalimu, chuma hiki hakipindi, kinapasuka. Ngoma ya gari la zamani hivi ikipasuka, tutaitafuta wapi?"

Nilimwomba radhi. Akanipa nyundo ndogo akanionyesha pa kugonga, katikati, kuzunguka bolti, kidogokidogo. Yeye akaingia chini ya gari, akapitisha bisibisi kwenye tundu la nyuma, akarudisha kijigurudumu chenye meno ili brekishuu ziachie. Kisha akafunga bolti mbili kwenye matundu mawili ya usoni mwa ngoma. Zikikazwa, zinaisukuma itoke.

"Nusu huku, nusu kule," alisema. "Usipendelee upande."

Tulikaza kwa zamu. Kama saa nane hivi ngoma ikalia, ikamwaga vumbi jekundu, ikaniangukia mapajani. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ya kulia ilikuwa ngumu zaidi. Bado tulikuwa nayo dereva alipopiga honi nje. Aliingia, akaangalia gari, akaangalia simu yake. "Niliwaambia mapema, dada."

Kabla sijajibu, Bi Mwanaidi alikuwa ameshatandika mkeka, sahani ya wali na samaki juu yake. "Karibu ule kwanza, baba. Gari lenyewe hata kukimbia haliwezi."

Dereva alisitasita, akavua viatu, akala. Alipokuwa anaongezewa wali, ngoma ya pili ikatoka.

Seif aliondoa brekishuu, akarudisha ngoma tupu na matairi. Tulisukuma wanne, na pikapu ikasogea kama vile haijawahi kukwama. Bi Mwanaidi alisimama kwenye mraba wa mchanga mkavu iliouacha, akaanza kupima msingi kwa hatua.

Saa kumi na nusu tukaanza kurudi, pikapu ikiwa imefungwa juu ya gari la dereva, na saa moja na nusu nilikuwa nyumbani. Baba alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake. Nilimweleza kila kitu, hendibreki, nyundo, kipande kilichoruka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ulipiga ukingoni?" Nikakubali. Akaanza kunifafanulia chuma kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu na jinsi kinavyopasuka, na tulipoingia ndani chakula kilikuwa kimeshapoa.

Pikapu haijawaka bado. Kila Jumamosi tunafungua kitu kimoja, baba akishika tochi kwa mkono wa kushoto na kunielekeza. Miaka mitatu nilikuwa nikimuuliza kama amekula na kama amemeza dawa, nikadhani hana la kunijibu zaidi ya ndiyo. Kimbiji nilijifunza kutoa ngoma ya breki. Hapa uani ninajifunza kumuuliza baba yangu mambo anayoyajua.