Seremala Aliyefungwa kwa Kusema "Ndiyo"

Juzi tumemzika Mtoni seremala mmoja, mtu wa kusini, ambaye wasomaji wangu wengi hawakumjua, maana hakuwa na cheo cha kumtangaza. Mie nilimjua vizuri, na sehemu ya habari yake inanitia aibu.

Zamani kidogo alishtakiwa kwa wizi wa baiskeli ya karani mmoja. Siku ilipopotea, alikuwa kwangu Temeke tangu asubuhi hadi magharibi akinitengenezea mlango, kwa hiyo nilikwenda kortini kumtolea ushahidi. Askari akanionyesha benchi barazani: "Kaa hapa mpaka uitwe." Nikakaa, na kanzu yangu ya pasi. Ndani, kama alivyonisimulia baadaye, Bwana Shauri, yule mkubwa wa serikali aliyekuwa akihukumu kesi, hakutaka mkalimani. Mwingereza huyo alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili, na lazima tuutambue. Akauliza, "Wewe hukuiba baiskeli?" Seremala akajibu kwa adabu, "Ndiyo, bwana." Mtoto yeyote wa Mtoni angeelewa: ndiyo, sikuiba. Bwana Shauri alisikia kwa sikio la Kiingereza, akaandika kwamba mshtakiwa amekiri. Na aliyekiri, shahidi wa nini? Akampa miezi sita. Mie nilipata habari pale alipopitishwa mbele yangu na pingu.

Mtaani nasi hatukuchelewa. Kabla ya adhuhuri alikwisha kuitwa mwizi hata na watu waliolalia vitanda vyake. Mwezi wa pili wa kifungo chake baiskeli ikaonekana kwa shemeji ya karani, alikoiacha mwenyewe akasahau. Karani akafurahi, akaipanda. Seremala akaachwa amalize kifungo, kwa kuwa karatasi ilisema amekiri, na karatasi ya serikali haikosei.

Alipotoka alikuja kwangu. Nikamwambia, "Pole, ndugu yangu. Nilikuwa nje, sikuitwa."

"Najua," akasema. "Nilikuona kupitia dirisha. Ulikaa vizuri sana."

Tangu hapo, kila siku ya kesi alisimama penye lango la korti akiwafunza washtakiwa. Nilimsikia akimwambia mama mmoja aliyeshtakiwa kwa kupika pombe, "Mama, ukiulizwa hukupika, usiseme ndiyo. Sema, mie sikupika, na mashahidi wangu wako nje."

Askari akamuuliza, "Kwani wewe wakili?"

"Mie seremala."

"Basi toka hapa."

Akavuka barabara, akaendelea ng'ambo. Mama yule aliitiwa mashahidi wake, akarudi nyumbani kwake. Bwana Shauri akaanza kulalamika kwamba watu wa Temeke wamekuwa wabishi, na kesi zilizokuwa zikiisha kabla ya chai sasa zinamla siku nzima. Masikini, alikuwa amelazimika kusikiliza.

Ninachowaomba wasomaji ni kidogo. Jirani akikamatwa, tumwite jirani, si mwizi, mpaka asikilizwe. Na anayejua neno la kumwokoa apige hodi kortini, hata askari akimkunjia uso. Mie nilingoja kuitwa, na mtu asiye na hatia akala miezi sita.