Watoto Hawaozi

Wanangu wanapanga safari ya kwenda kwenye bembea, nami nimenusa gunia la katani stoo, hasira zimenipanda.

Utotoni, siku moja pale nyumbani Chanji, tulishapanda lori la baba mdogo, mimi na mdogo wangu, na nguo zetu za Krismasi, tunakwenda Mbeya kwenye bembea za kuzunguka. Maandazi ya mama yalikuwa bado ya moto. Akaja mnunuzi wa mahindi, mtu ambaye mpaka juzi tulimwita mlanguzi, akanong'ona na baba.

"Shukeni, magunia yapande," baba akasema.

"Na watoto uliowaahidi?" mama akauliza.

"Mahindi yataoza. Watoto hawaozi."

Baba akayapakia mwenyewe, pale pale tulipokuwa tumekaa.

Jioni mdogo wangu alimwamkia baba shikamoo. Mimi nilimpita kama napita gogo.