Mpangaji wa Zamani Ndani ya Mtambo Mpya

Pale shirika la reli walimwita Mama Mtambo, na jina hilo alilipokea bila kununa. Aliingia chumba cha kompyuta akiwa msichana, enzi ambazo kompyuta moja ilijaza chumba kizima na programu zililishwa kwa kadi za karatasi zilizotobolewa matundu. Ndipo yeye na wenzake walipoandika programu ya kupanga mabehewa: lipi lifungwe kwenye treni ipi, likaachwe stesheni gani. Wenzake wote wamekwisha kustaafu. Programu ikabaki kazini.

Mitambo ilikuja na kuondoka, programu haikuguswa. Sababu ilikuwa mfumo endeshi. Mfumo huo uliugawa mtambo mmoja ukawa kama mitambo mingi, kila programu ikajiona ina nyumba nzima, kumbe ni wapangaji chini ya paa moja. Na waliouunda walikuwa na adabu moja ambayo Mama Mtambo aliisifu mpaka mumewe, fundi cherehani, akachoka: kila toleo jipya liipokee kazi ya zamani kama ilivyo, lisiiambie ibadilike kwanza.

"Ungenisifu mimi hivyo," mumewe alimtania, "ningekwisha kunenepa."

Safari hii mtambo wa zamani ulikuwa hoi, na vipuri havipatikani tena. Meneja alitoa Jumapili moja tu ya kuihamishia programu kwenye mtambo mpya, siku ambayo treni za mizigo hupumzika. Ikigoma huko, basi itatupwa, na mabehewa yatapangwa kwa mkono hadi nyingine iandikwe.

Jumapili ilipofika, programu ilianza vizuri, ikaenda kidogo, ikaganda. Meneja akakuna kidevu. Fundi wa mtambo mpya akasema kwa upole kwamba huenda kikongwe kimefika mwisho wa safari. Mama Mtambo alivuta kiti, akasoma upya maelezo aliyoyaandika mwenyewe wiki ile, yale yanayouambia mfumo mpangaji huyu ana vifaa gani. Katikati akashika kichwa.

"Kosa ni langu," alisema. "Nimemnyima kisoma kadi."

"Kisoma kadi si tulikiuza kama chuma chakavu, mama? Utakitoa wapi?" meneja aliuliza.

"Si lazima kiwepo, baba. Lazima yeye aambiwe kipo."

Akaeleza kwamba miaka yote hiyo mfumo ulikuwa ukichota maneno kwenye diski na kumpa mzee huyu kana kwamba ni kadi, naye hajui kuwa mashine ilishaondoka. Mama Mtambo mwenyewe, kwa kupenda usafi, alikuwa amefuta kila kifaa kisichoonekana chumbani. Akaongeza mstari mmoja kwenye maelezo, akaiwasha programu upya. Mpangilio wa mabehewa ukaanza kushuka kwenye skrini.

Jumatatu asubuhi treni ya kwanza ya mizigo iliondoka, kila behewa mahali pake. Meneja akampa Mama Mtambo heshima ya kuuzima mtambo wa zamani. Naye akamwachia fundi heshima hiyo. Yeye alikuwa bado anapitia maelezo yake, asije akawa amemnyima mzee kitu kingine.